Angalia Pini Kabla ya Kutweka Tanga



Huenda ukisoma kichwa cha habari hii utasema, "Mimi nilipewa shamba, sikupewa bahari. Mlingoti wanihusu nini?" Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni fupi. Ukisimama kwenye ukingo wa Kinangop asubuhi isiyo na ukungu, utaliona Ziwa Naivasha likimetameta kule chini bondeni. Tangu mashamba makubwa yalipoanza kukatwa na kugawiwa wananchi miaka ya 1960, watoto wamezaliwa na wajukuu wamezaliwa, lakini ekari hazikuzaa. Wako vijana wa mashamba haya walioteremka ziwani kutafuta riziki. Wavuvi wengi huendesha mashua kwa makasia, na wengine wana injini. Lakini petroli ni ghali, mikono huchoka, na upepo hauuzwi dukani. Basi kikundi kikipata mashua ndogo kuukuu yenye mlingoti na tanga, hufurahi kama mtu aliyepata ng'ombe wa maziwa kwa bei ya mbuzi. Ni bahati kweli, ikiwa mlingoti umetunzwa. Usipotunzwa, ni hatari iliyosimama juu ya vichwa vya watu.

Tena jambo hili si geni kwako kama unavyodhani. Mlingoti ni nguzo iliyosimamishwa kwa nyaya. Ikiwa umewahi kukaza seng'enge ya boma, au una kinu cha upepo cha kuvuta maji, au umesimamisha nguzo ndefu ya redio, basi nusu ya somo hili unaijua tayari.

KOSA NILILOFANYA MWENYEWE

Nitaanza kwa kukiri kosa langu, ili usilirudie. Siku moja, pale Naivasha, tulipokuwa tukitayarisha mashua, niliona pini moja ya waya wa upande wa kushoto haipo. Ilikuwa pini ndogo, nyembamba kuliko kalamu ya risasi. Sikutaka kurudi mjini kununua nyingine. Nikachukua msumari wa inchi tatu, nikaupitisha katika tundu, nikaukunja kwa nyundo, nikasema, "Utatosha kwa leo."

Asubuhi ulitosha. Kama ujuavyo, ziwa lile mara nyingi hulala asubuhi kama maji katika sufuria. Lakini saa nane mchana upepo ulishuka, mawimbi yakapanda, na tanga likajaa. Msumari ni chuma laini. Ulianza kukunjuka polepole, na sisi hatukuuona. Ghafula ukachomoka. Mlingoti wote, pamoja na tanga na nyaya zake, ukaangukia upande wa kulia na kumpiga mwenzangu begani. Watu wa mashua ya makasia wakatuvuta mpaka ufuoni.

Hakuna aliyekufa. Lakini mwenzangu alikuwa na ng'ombe wanne wa maziwa, na mfupa wa bega ulikuwa umevunjika. Kwa miezi miwili watoto wake waliamka gizani kukamua, wakafika shule wamechelewa, na maziwa yakapungua. Hayo yote yaliletwa na pini moja.

Tangu siku ile nimeshika neno hili: kwa kawaida upepo hauangushi mlingoti mzima wenye nyaya nzima. Unaoangushwa ni mlingoti wenye kitu kidogo kibovu ambacho mtu alikiona akakiacha, au hakukitazama kabisa.

NGUVU YA UPEPO

Usipime upepo wa alasiri kwa upepo wa asubuhi. Mwendo wa upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma tanga haiongezeki mara mbili, bali mara nne. Kwa hiyo kitu kilichostahimili saa nne asubuhi kinaweza kukatika saa nane mchana bila kutoa onyo lolote.

Mashua ndogo ya namna hii mara nyingi ina nyaya tatu: mmoja mbele, mmoja kushoto na mmoja kulia. Upepo ukitoka kushoto, waya wa kushoto ndio unaobeba kazi, na wa kulia hulegea. Ukigeuza mashua, kazi inahamia waya wa pili. Fahamu basi kwamba kila waya una zamu yake, na hakuna hata mmoja wa akiba.

Ndugu zetu wa pwani wana njia nyingine. Katika jahazi na mashua za kule, henza, yaani kamba ya kupandishia foromali na tanga, hufungwa upande unaotoka upepo, nayo husaidia kushikilia mlingoti. Vyombo ni tofauti, lakini sheria ni moja: kinachoshika mlingoti hutazamwa kabla ya kutoka, siyo baada ya kurudi.

KWANZA, SHUSHA MLINGOTI

Mlingoti hauwezi kukaguliwa vizuri ukiwa umesimama. Ushushe angalau mara mbili kwa mwaka: mara moja kabla ya mvua za masika, na mara ya pili baada ya mvua kwisha. Chagua asubuhi tulivu. Wawepo watu watatu: mmoja ashike mlingoti chini, wa pili aupokee, wa tatu alegeze waya wa mbele polepole. Watoto wakae mbali.

Kabla ya kugusa chochote, tazama juu. Je, kuna nyaya za umeme? Karibu na ziwa ziko nyingi, zinakwenda kwenye pampu za maji na mashamba ya maua. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme, walioushika wanaweza kufa papo hapo. Mlingoti wa mti uliolowa nao si salama. Ikiwa umeme uko karibu, kokota mashua mpaka mahali peupe kabisa. Usiseme, "Tutapita kwa uangalifu."

Kabla ya kufungua nyaya, funga kila mmoja kitambaa chenye alama: kimoja cha kushoto, kimoja cha kulia, kimoja cha mbele. Zikichanganyika zitakusumbua baadaye, kwa sababu urefu wake huenda usilingane.

UKAGUZI KUTOKA CHINI HADI JUU

Laza mlingoti juu ya magunia au vigogo, kisha anza chini uende juu. Usirukeruke, maana anayerukaruka husahau.

1. Kitako. Hapa ni mahali mguu wa mlingoti unaposimama. Maji hutuama hapo, na mti huoza kimyakimya. Choma kwa ncha ya kisu. Kisu kikigota, mti ni mzima. Kikizama kama katika kiazi kilichopikwa, mti umeoza. Usipake rangi juu yake, bali toa sehemu yote mbovu uweke mbao mpya. Hakikisha kuna tundu la kutolea maji, na kwamba halikuzibwa na tope.

2. Vibati vya nyaya. Hivi ni vipande vya chuma vilivyofungwa kwenye mbavu za mashua ili kushika nyaya. Vitikise kwa mkono. Kibati kinachocheza ni kibovu. Tazama pia upande wa ndani, kwa sababu nje paweza kuwa pazuri na nyuma mbao imeoza. Kibati kifungwe kwa bolti zinazopenya mpaka ndani, zenye nati na washa pana. Skurubu za mbao peke yake huchomoka.

3. Pini. Kila waya unashikwa na pini nene inayopita katika tundu, na pini hiyo nene inazuiwa isitoke kwa pini nyembamba ya miguu miwili, kama ile uionayo kwenye ekseli ya mkokoteni. Pini nene ikiwa imepinda au imelika ubavuni, itupe. Pini ya miguu miwili itumike mara moja tu, kwani kila ikunjwapo na kukunjuliwa hudhoofika. Ukiiweka, panua miguu yake kiasi cha kuizuia tu, kisha izungushie utepe ili isichane tanga wala vidole. Msumari usitumike. Waya wa seng'enge usitumike. Ikiwa hakuna pini, siku hiyo hakuna safari.

4. Skurubu za kukazia. Hizi ndizo zinazokaza na kulegeza waya. Zifungue, zisugue kwa brashi, zipake grisi kidogo. Zikiwa zimepinda, usizinyoshe, maana chuma kilichonyoshwa kimekwisha dhoofika, nunua nyingine. Ukikaza, nyuzi za skurubu ziingie vya kutosha pande zote mbili. Kisha zifunge zisijizungushe, kwa kuwa mtikisiko wa mawimbi hufungua skurubu kama mkono wa mtu.

5. Waya wenyewe. Kamba ya waya imesukwa kwa nyuzi nyingi nyembamba, na mara nyingi hukatika uzi mmoja mmoja. Usipitishe kiganja kitupu juu yake, maana nyuzi zilizokatika huchoma kama sindano. Chukua kitambaa chepesi au pamba, pitisha polepole kutoka mwisho mmoja hadi wa pili. Kitambaa kikinasa, hapo pana uzi uliokatika. Waya wenye uzi uliokatika hautengenezwi, hubadilishwa. Tazama zaidi mahali waya unapoingia katika chuma cha mwisho, kwa sababu huko ndiko maji hujificha. Ukiona doa la kutu, au ufa mwembamba kama unywele, usibishane nao. Mwenye macho hafifu atumie kioo cha kukuzia.

6. Mlingoti wenyewe. Ukiwa wa mti, tafuta nyufa na sehemu nyeusi zilizozunguka bolti. Ufa mdogo unaofuata urefu wa mti si hatari sana, lakini ufa unaokata mti kwa upana ni wa hatari kubwa. Ukitaka kuchonga mpya, tafuta mti mwepesi, ulionyooka, usio na mafundo. Mtarakwa ni mzuri kwa nguzo za boma, lakini hupasuka upesi, wala haufai hapa. Mti uliokwisha kukauka na kupigwa msasa upakwe vanishi tabaka kadhaa, hasa kwenye matundu na ncha, maana huko ndiko maji huingilia.

7. Kapi na henza. Juu kabisa pana kapi, yaani gurudumu dogo linalopitisha henza. Lizungushe kwa kidole. Likikwama, henza itasuguliwa mpaka ikatike, tena itakatika wakati unapotaka kushusha tanga upesi. Chunguza henza yote kwa vidole. Sehemu iliyokakamaa, au inayotoa vumbi ukiikunja, imeliwa na jua. Jua la nchi yetu ya juu ni kali kwa kamba za nailoni na namna zake, hata kama hewa ni baridi. Ukibadilisha henza, shona kamba mpya kwenye mwisho wa ile kuukuu, kisha vuta. Itapita yenyewe ndani ya kapi bila taabu.

VYUMA VISIVYOPATANA

Fahamu pia kwamba vyuma vina ugomvi wao. Alumini ikigusana na chuma kisichoshika kutu, na maji yakiwa kati yao, alumini huliwa. Utaona unga mweupe umezunguka ribiti au bolti, na baada ya muda tundu linapanuka na kifaa kinacheza. Kwa hiyo, ukifunga kifaa cha chuma juu ya mlingoti wa alumini, weka kipande chembamba cha plastiki katikati, au paka grisi nzito au rangi. Ribiti zilizolegea zitolewe kwa keekee, tundu lisafishwe, ziwekwe ribiti nene kidogo. Kugongagonga ribiti kuukuu ni kazi bure.

Maji ya Naivasha ni matamu, nayo si makali kama ya bahari. Lakini maji ya Nakuru, Elementaita na Bogoria yana magadi, na magadi hula alumini. Basi kifaa cha alumini kisioshwe kwa maji yenye magadi. Mashua yako isuuzwe kwa maji safi, ikauke.

KUFUNGA JICHO LA WAYA

Mara nyingi mkulima hana mashine ya kubana mwisho wa waya, lakini anaweza kununua vibanio vya bolti yenye umbo la herufi U, vile vinavyotumika pia kwenye nyaya za kushikilia nguzo ndefu. Wengi huvifunga kinyume. Sikiliza vizuri.

Zungusha waya juu ya pete ya chuma yenye mfereji, ili jicho lisijikunje na kukatika. Sasa una waya mrefu unaobeba kazi, na mkia mfupi. Kibanio kina sehemu mbili: tandiko na bolti ya U. Tandiko likae juu ya waya mrefu, na U ikae juu ya mkia. Kumbuka hivi: tandiko huwekwa juu ya punda anayefanya kazi. Ukigeuza, U itauponda waya unaobeba mzigo, nao utakatika hapo hapo. Tumia vibanio visivyopungua vitatu, vyote vikielekea upande mmoja, na uache nafasi kati yake. Baada ya safari ya kwanza kaza nati tena, kwa sababu waya ukivutwa hukonda kidogo.

UKIPATWA NA HATARI MAJINI

Hata mtu mwangalifu hupatwa. Waya wa upande unaotoka upepo ukikatika na mlingoti bado haujaanguka, usikimbilie kuushika kwa mikono, maana hutauweza. Geuza mashua mara moja, ili upepo uje upande wa pili wenye waya mzima. Waya wa mbele ukikatika, geuza upepo uje kutoka nyuma. Kisha shusha tanga, chukua kamba imara, izungushe mara nyingi mahali palipokatika, uikaze. Mizunguko mingi ya kamba nyembamba huweza kufanya kazi ya skurubu mpaka ufike ufuoni. Lakini rudi kwa makasia, siyo kwa tanga lote. Kwa sababu hiyo makasia na kamba ya akiba visikose ndani ya mashua, na kila mtu avae jaketi la kuelea tangu ufuoni. Jaketi lililokaliwa kama mto halimwokoi mtu.

Jambo jingine ni la siku hizi. Katika miaka iliyozunguka 2020 maziwa yetu ya Bonde la Ufa yalipanda, na maji ya Naivasha yakaingia mashambani na katika nyumba za watu. Miti na nguzo za maboma zilimezwa zikiwa zimesimama. Mashua ikigota kwenye nguzo iliyo chini ya maji, mashua husimama lakini mlingoti hutaka kuendelea mbele, na nyaya hushtuka kwa nguvu nyingi. Kila mara ukigota, hata kama hukuona kilichovunjika, kagua vibati na pini zote kabla ya kutweka tena.

KUMI ZA ASUBUHI

Usidhani kazi hii itakunyima nafasi ya kulima. Ukaguzi mkubwa ni siku mbili kwa mwaka. Ule mdogo ni dakika kumi kila asubuhi ya safari, kama unavyomtazama ng'ombe chuchu kabla ya kumkamua. Gusa pini zote. Tikisa vibati. Zungusha kapi. Vuta henza. Tazama kama waya wowote umelegea kuliko jana. Weka katika kopo moja pini za akiba za kila kipimo, koleo, utepe, bisibisi, na kamba nyembamba iliyo imara. Kopo hilo ni la mashua. Lisitumiwe kutengeneza baiskeli wala mlango wa banda la kuku.

Ikiwa mashua ni ya kikundi, chagueni mtu mmoja wa kazi hii, na jina lake liandikwe katika daftari kila siku ya safari. Kazi ya watu wote mara nyingi huwa si kazi ya mtu yeyote. Naye apewe amri ya kusema, "Leo hatutoki," wala asibishiwe na mwenyekiti.

Mwenzangu niliyemwumiza bega amepona, na anakamua mwenyewe. Lakini siku za baridi ya mwezi wa saba bega humwuma, naye huniuliza kwa mzaha kama nimekwisha kununua ile pini. Mimi humwonyesha kopo langu. Nawe, ndugu mkulima, kata ukurasa huu uubandike ndani ya banda la mashua, mahali ambapo mtu hawezi kuchukua tanga bila kuusoma.